Tulifundishwa kuchimba shimo, maji yakatushinda

Hashakum si matusi, ndugu msomaji, wiki hii nataka tuzungumze habari za choo. Najua wapo wanaosoma gazeti hili huku wakinywa chai, nao nawaomba radhi mapema. Lakini nimeona ni afadhali mambo haya tuyaseme redioni na gazetini kuliko kuyanusa kimya kimya uani. Mtu akijenga nyumba siku hizi atakuonyesha bati la rangi, vigae vya sebuleni, madirisha ya alumini na geti. Ukimwuliza maji ya chooni yanakwenda wapi, atakunyoshea kidole mfuniko wa zege nyuma ya jiko na kukwambia, "Yanaingia pale." Ukimwuliza yakishaingia pale yanatokea wapi, hapo mazungumzo hukatika.

Swali hilo ndilo nalifuata leo, na nalifuata kutokea Mang'ula, katika bonde la Kilombero. Kwa asiyepafahamu, ukifika Mikumi unaiacha barabara kuu ya Iringa, unapita Kidatu kwenye mashamba ya miwa na bwawa la umeme, kisha unaendelea kuelekea Ifakara huku milima ya Udzungwa ikiwa mkono wako wa kulia. Mang'ula imekaa miguuni pa milima hiyo. Ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Vijito hushuka kutoka msituni, hupita chini ya barabara na chini ya reli, na kwenda kuishia kwenye mto Kilombero. Bonde lenyewe ni ardhi oevu ya kilomita za mraba karibu 8,000, na mwaka 2002 liliandikishwa katika Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi za namna hiyo duniani.

Maana yake kwa mtu anayejenga ni rahisi. Maji ya Mang'ula hayatafutwi, huja yenyewe. Wakati wa kiangazi yanashuka chini na kumwachia mwenye kiwanja nafasi ya kujidanganya. Masika yakifika, kuanzia Machi hadi Mei, yanapanda tena, na kwenye viwanja vya upande wa chini yanakaribia kabisa uso wa ardhi. Mkulima wa mpunga hulishukuru jambo hilo. Choo hakina sababu ya kulishukuru.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana tatizo la leo lina historia. Mang'ula tunayoijua ilikuzwa na reli. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulizinduliwa Oktoba 1970, mataruma na vyuma vikamaliza kutandikwa mwaka 1975, na Julai 1976 reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia. Mang'ula ilikuwa moja ya kambi kubwa za ujenzi, yenye karakana ambayo baadaye ilizaa kiwanda cha zana. Vijana walikuja kutoka kila pembe ya nchi, na wengi hawakurudi kwao. Wakati huo huo, kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika mashambani na kuwaweka pamoja.

Watu wakiishi mbali mbali, kila mmoja na shamba lake, choo ni siri ya mtu na kichaka chake. Wakikusanywa, nyumba ikitazamana na nyumba, choo kinakuwa jambo la kijiji kizima. Serikali ya wakati ule ililijua hilo, na chombo ilichokitumia kulifikisha ni redio.

Mwaka 1973, mimi nikiwa bado sijazaliwa, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya". Iliandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na Wizara ya Afya, ikadumu kwa majuma kumi na mawili. Watu waligawanyika katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na redio, kitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaamua watafanya nini kabla ya kukutana tena. Walizungumzia malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Watu karibu milioni mbili walishiriki. Vyoo vilivyochimbwa kutokana na kampeni ile huhesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mimi ninayeishi kwa kipaza sauti huwa nawaambia wenzangu kwamba hakuna kipindi chetu kilichowahi kufanya kazi kubwa kama ile.

Tusidhani lakini kwamba choo kilianza siku hiyo. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, na katika miji mingine ya kale ya pwani yetu, nyumba za mawe zilikuwa na vyoo vya ndani na mashimo yaliyojengewa, kabla Mreno hajatia nanga. Kampeni ya mwaka 1973 haikuleta choo. Ilikifanya kuwa wajibu wa kila kaya, tajiri na maskini, na ikamfanya jirani awe na haki ya kumwuliza jirani, "Chako kimefikia wapi?" Kipindupindu kilipoingia kwa kishindo mwaka 1977 na 1978, somo hilo likarudiwa kwa ukali zaidi.

Sasa sikiliza vizuri kilichofundishwa. Kilikuwa choo cha shimo, na choo cha shimo ni chombo chenye akili kuliko tunavyokidhania. Mtu mmoja hutoa kama lita moja na nusu kwa siku, mkojo na kinyesi pamoja. Nyumba ya watu sita hutoa lita tisa. Udongo unaozunguka shimo hunywa unyevu huo polepole, vijidudu hula kilichobaki, na shimo hudumu miaka. Likijaa hufukiwa, banda huhamishwa, na mahali pale hupandwa mgomba. Hakuna bomba, hakuna lori, hakuna bili.

Kilichotokea baadaye ni maendeleo, nami siyapingi. Bomba likafika, matangi ya plastiki yakapanda juu ya minara, na choo cha kuvuta kikaingia chumbani. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika bila mtu kutangaza. Mvuto mmoja wa choo cha zamani hutumia lita tisa. Watu sita wakivuta mara tano kila mmoja, hizo ni lita 270 kwa siku, kabla hujahesabu maji ya kuoga na kufulia. Zilikuwa lita tisa, zimekuwa 270. Lakini fundi bado anachimba shimo moja, na bado anasema lile lile lililosemwa mwaka 1973, kwamba ardhi itakunywa.

Wenzetu wa Ulaya walipita njia hii na walilipia. London mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street, watu zaidi ya 600 walikufa kwa kipindupindu katika muda wa majuma machache. Daktari John Snow akaonyesha kwamba wengi wa waliokufa walichota maji katika pampu moja ya mtaa ule. Mwaka uliofuata walichimba wakaona kiini chake. Nyumba namba 40, iliyokuwa kando ya pampu, ilikuwa na shimo la majitaka ambalo matofali yake yamelegea, na kutoka shimo hilo hadi kisima palikuwa na nafasi isiyofika futi tatu. Katika nyumba hiyo mtoto mchanga alikuwa ameharisha na kufariki, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika shimo lile. Mama yule alifanya kilichofanywa na kila mama wa mtaa. Shimo ndilo lililomsaliti, na mtaa mzima pamoja naye.

Baada ya hapo ndipo lilipozaliwa karo tunalolijua, ambalo mafundi wetu huliita septiki. Mfaransa Jean-Louis Mouras, wa mji wa Vesoul, alijenga tangi lililofungwa kwenye miaka ya 1860. Alipolifungua baada ya miaka mingi alishangaa kukuta uchafu mgumu ni mdogo sana, karibu wote umegeuka majimaji. Mwaka 1881 akapata hataza ya uvumbuzi huo. Katikati ya miaka ya 1890 Mwingereza Donald Cameron, mhandisi wa mji wa Exeter, akaliboresha na kulipa jina linalotumika hadi leo.

Jambo la kukumbuka katika uvumbuzi huo ni kwamba karo hufanya nusu tu ya kazi. Ni tangi lisilovuja, lenye sakafu na kuta zilizopigwa lipu. Uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea juu, na vijidudu visivyohitaji hewa huvunjavunja vilivyotuama. Maji yanayotoka upande wa pili yanaonekana afadhali, lakini bado yamejaa maradhi. Nusu ya pili ya kazi hufanywa na udongo. Maji hayo yanatakiwa yapite kwenye udongo mkavu wenye hewa, polepole, ndipo yasafike. Udongo ukiwa tayari umeshiba maji hakuna nusu ya pili. Unabaki na tangi lililojaa na uchafu unaotafuta njia.

Haya nayasema baada ya kuyaona kwa mdogo wangu wa kike. Yeye na mumewe ni walimu, na walijenga Mang'ula kwa miaka saba, tofali kwa tofali, kwa mikopo ya mishahara. Fundi waliyempata aliwachimbia karo mwezi wa Oktoba, futi kumi kwenda chini, na udongo ulikuwa mkavu. Hakuweka sakafu. Kuta alizipanga kwa matofali yenye nafasi ili maji yapenye. Akafunika kwa zege, akapokea fedha yake, akaenda zake. Walihamia Januari. Katikati ya Aprili choo kikaanza kuguna. Kisha kikakataa. Kisha maji yakaanza kupanda kupitia tundu la bafuni, yakiwa na rangi ambayo sina haja ya kuieleza.

Wakaita lori la majitaka kutoka mbali, maana la karibu halikuwapo. Lori likanyonya, likajaa, likaondoka. Jioni ya siku ya pili karo lilikuwa limejaa tena. Shemeji akaliita mara ya pili. Nilipofika nilimwambia, "Shemeji, simamisha kwanza. Hapa hunyonyi choo, unanyonya bonde la Kilombero." Maji ya ardhini yalikuwa yanaingia kupitia nafasi za matofali zile zile zilizowekwa ili maji ya choo yatoke. Mlango haujui nani anaingia na nani anatoka.

Hilo lilikuwa tatizo la fedha, na lingeishia hapo kama si kisima. Hatua kumi na mbili kutoka kwenye karo, ng'ambo ya michongoma, jirani yao bibi mmoja mjane ana kisima alichochimbiwa na marehemu mumewe. Jioni moja alikuja akabisha hodi, akakaribishwa kiti, akakataa kukaa. Akasema, "Mwalimu mwanangu, sikuja kugomba. Nimekuja kuuliza tu. Maji yako na maji yangu yamejuana?" Shemeji yangu ni mwalimu wa sayansi. Jibu alikuwa nalo, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko ya mtu asiyejua.

Kuanzia siku ile choo cha ndani kilifungwa. Wakarudi kwenye kile cha shimo kilichochimbwa kwa ajili ya mafundi wakati wa ujenzi, mahali palipoinuka, na kilichokuwa kinasubiri kufukiwa. Bibi akawa anapelekewa maji ya bomba kwa ndoo na wajukuu wa nyumba ile. Mvua zilipokatika, karo lilifumuliwa. Likajengwa upya kwa sakafu ya zege na vyumba viwili, kuta zikapigwa lipu ndani na nje. Safari hii lilikaa juu, nusu yake nje ya ardhi kama jukwaa, na choo kikapandishwa ngazi mbili ili maji yashuke kwa uzito wake. Badala ya shimo refu la kunyonyea maji, walichimba mitaro mirefu isiyo na kina, yenye kokoto na mabomba ya matundu, upande wa kiwanja ulio mbali na kisima. Gharama yake ilikaribia gharama ya kuezeka. Masika yaliyofuata choo hakikuguna.

Lakini bibi hajarudi kunywa maji ya kisima chake. Anafulia tu. Alichoachiwa na mumewe kimekuwa dobi.

Ndugu msomaji wa mjini, usidhani hii ni habari ya shamba. Dar es Salaam wengi wa wakazi hawajaunganishwa na mabomba ya majitaka. Wanategemea mashimo na makaro kama ya Mang'ula, kwenye viwanja vidogo zaidi. Lugha yetu yenyewe imekwisha kulishuhudia tatizo. Tuna neno "kutapisha", yaani kufungulia choo wakati wa mvua kubwa ili uchafu uende na mafuriko kwa jirani wa chini. Tuna "vyura", yaani watu wanaoingia mashimoni kwa miguu na ndoo kuvitoa vilivyomo. Kazi hiyo inaua, kwa kuwa hewa iliyomo ndani ya karo haina harufu ya onyo kila mara, na anayeingia kumwokoa mwenzake huanguka juu yake. Mtu asiingie katika karo kwa sababu yoyote.

Tena karo bovu halileti kuhara peke yake. Mbu aina ya kyuleksi, anayeeneza matende na mabusha, hupenda kuzaliana katika maji machafu ya mashimo. Mwaka 1988 huko Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga chembe ndogo za plastiki nyepesi katika vyoo vyenye maji zikaelea kama blanketi, huku wananchi wakipewa dawa za matende. Mbu wale walipungua sana, na chembe zikaendelea kufanya kazi kwa miaka. Nalitaja hili kwa sababu lilifanywa kwa mji mzima, choo kwa choo. Kama nyumba moja tu ingetibiwa, mbu wangehamia ya pili.

Hapo ndipo ninapolipata jibu la swali nililoanza nalo. Choo cha shimo kilituingilia kama kazi ya wote. Kijiji kizima kilisikiliza redio moja, kikachimba juma moja, kikakaguana. Karo limetuingilia kama mali ya mtu binafsi, jambo la mwenye nyumba na fundi wake, kama rangi ya ukuta. Lakini maji ya chini ya ardhi hayana hati ya kiwanja. Hayajui michongoma. Unachokificha chini ya mfuniko wako wa zege kinaweza kuwa kimekwisha kuvuka mpaka.

Mwaka 2017 serikali ilizindua kampeni ya "Nyumba ni Choo", na ilikuwa kampeni ya kufaa, yenye kuhimiza kila kaya iwe na choo bora. Naiongezea mstari mmoja tu kutoka Mang'ula: choo ni pamoja na mahali maji yake yanapoishia. Bwana afya na bibi afya anapokuja kukagua, asiishie kwenye sinki na mlango. Aulize karo lina sakafu? Liko umbali gani kutoka kisima? Wataalamu hushauri angalau mita 30. Maji ya ardhini wakati wa masika yanafika wapi?

Nawe unayetaka kujenga, kwenye kiwanja cha Chanika au nyumbani kwenu kwa ajili ya uzee, yapo mambo yasiyohitaji shahada. Kitazame kiwanja chako mwezi wa Aprili, si Oktoba. Waulize wazee wa pale maji hupanda hadi wapi, kwa maana wao wameyaona miaka mingi. Chimba kishimo cha kina cha goti mahali unapotaka kumwaga maji, kijaze maji hadi udongo ushibe, kisha kijaze tena na uangalie yanashuka kwa kasi gani. Yakikaa hadi kesho yake, ardhi imekwisha kukujibu. Karo lisivuje, linyonywe kila baada ya miaka michache kabla halijakataa, na usilimwagie dawa kali za kuua vijidudu, maana vijidudu vyake ndio vibarua wako. Na kama kiwanja kina maji mno, choo cha shimo kilichoinuliwa juu ya ardhi si aibu. Aibu ni kigae kinachong'aa juu ya kisima cha jirani kilichooza.

Kabla hujamwita fundi, vuka mpaka wa kiwanja chako uangalie jirani anachota maji wapi. Mwaka 1973 jirani ndiye aliyekuja kuuliza choo chako kimefikia wapi. Siku hizi inafaa wewe umtangulie.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.